Jino la Mtani

Kwa miaka ishirini na miwili Tening Ndour aling'oa meno ya Waserer wenzake, na mkono wake ulikuwa na sifa pwani nzima. Watu walitoka vijiji vya mbali, wakapita hospitali mbili njiani, ili waje kukaa kwenye kiti chake katika zahanati ya masista. Ilisemekana kwamba Tening hukuuliza habari za ng'ombe wako, na kabla hujamaliza kuwataja majina, jino liko kwenye beseni. Hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi aliyefundishwa kazi ya meno na sista mmoja mzee ambaye sasa ni marehemu, na alichofundishwa alikishika.

Ndiyo maana padri wa parokia alipounda kundi la kwenda kutibu watu ng'ambo ya mpaka, kule Gine-Bisau, jina la Tening liliandikwa la pili, chini ya jina la Daktari Gomis. Siku ya kikao Gomis alimwuliza swali moja tu.

"Dada Tening, unang'oa?"

"Miaka ishirini na miwili."

Hakuna aliyeuliza ni meno ya nani. Na yeye hakusema.

Kosa lilianzia hapo. Walikokuwa wakienda ni kwa Wajola, na Mserer hamwagi damu ya Mjola. Anaweza kumtukana mbele ya wakwe zake. Anaweza kumvua kofia akaondoka nayo, kuingia jikoni mwake akafunua chungu na kuchagua samaki mkubwa kuliko wote. Baba wa Mjola akifa, Mserer anaweza kujilaza juu ya jeneza na kupiga kelele kwamba mzee amejisingizia kufa ili akwepe kulima. Yote hayo ni haki yake, maana ni watani tangu wale dada wawili ambao mtumbwi wao ulipasuka katikati: mmoja alichukuliwa na maji kuelekea kaskazini akawazaa Waserer, mwingine akaenda kusini akawazaa Wajola. Lakini damu, hapana. Mama yake Tening alikuwa akisema kwamba damu ya mtani ikimwagika mkononi mwako, mkono huo hunyauka kama muhogo ulioachwa juani.

Tening alijiambia kwamba meno ya Wajola yatang'olewa na Gomis, ambaye ni Mmanjako na hana mwiko na mtu, au na yule daktari wa pili aliyekuwa kwenye orodha. Kazi nyingine zilikuwepo tele: kuchemsha vyombo, kusafisha, kutuliza waoga. Ukweli ni kwamba alitaka sana kwenda. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na hajawahi kuvuka mpaka wowote ila kwa harusi na misiba. Daktari wa pili hakuja. Mkewe alijifungua asubuhi ile ile ya safari.

Siku ya tatu ya kazi walikuwa Ejunka, kijiji cha wakulima wa mpunga. Ilikuwa Januari, mpunga umekwisha kuingia ghalani, na asubuhi kulikuwa na baridi ya kuwafanya wazee wajifunike mashuka mawili. Mabenchi ya kanisa yalitolewa uwanjani kwa ajili ya foleni. Ndani vilibaki viti viwili vya plastiki vilivyoegemezwa ukutani karibu na dirisha, kila kimoja na gunia la majani ya mpunga la kulazia kichwa. Sufuria ya presha yenye koleo na vyuma vingine ilikuwa ikifoka pembeni mwa kisima cha ubatizo. Mkunga wa kundi alikuwa ameondoka na gari alfajiri kumpeleka mama mjamzito hospitali ya mjini, safari ya kwenda na kulala.

Tening alikijua Kijola tangu usichana wake, alipokuwa akiosha vyombo kwa masista wa Ziguinchor. Alikisema kwa lafudhi iliyowafanya watoto waangalie midomo yake. Baada ya sala ya asubuhi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Aje mtwana wa kwanza! Taratibu, msisukumane. Koleo litawatosha wote."

"Mtwana ni nani?" akajibu mzee mmoja akiingia na fimbo yake. "Mimi nimekuja kukagua kama mjakazi wangu anafanya kazi vizuri huko alikopelekwa."

"Fungua mdomo basi, bwana mkubwa. Lo! Kumbe wali mnaula mpaka unaota mizizi humu ndani."

"Afadhali wali. Uwele wenu nyinyi, kuku anautazama mara mbili kabla hajaudonoa."

Benchi zima liliangua kicheko, kila mmoja ameshika shavu lake. Gomis alichoma sindano, akangoja, akang'oa. Tening alikabidhi vyuma, akashika vichwa, akafuta vipaji vya nyuso. Kazi ilikwenda kama maji ya mfereji.

"Mwulizeni huyo kama kwao wana meno," sauti ilitoka uwanjani. "Mtu anayekula vumbi la uwele, meno ya nini?"

Tening alichungulia dirishani. Aliyesema alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, amejifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini kama mtu anayeogopa kichwa kisidondoke. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba mpaka likang'aa. Huyo alikuwa Eulalia Djata, mjane, kiongozi wa akina mama wa rozari, na Ejunka nzima hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno.

"Wewe uliyefungwa kama mzigo wa sokoni," Tening akamwita. "Namba yako ngapi?"

"Mwenye nyumba hana namba. Wageni wapite kwanza."

Wageni wenyewe walikuwa majirani zake wa kuta kwa kuta. Mpaka saa mbili na nusu alikuwa amekwisha kuwaachia nafasi yake watu wanne. Kila alipofikiwa alimkumbuka mtu anayeumwa kuliko yeye. Tening hakudanganyika. Kwenye foleni ya meno, anayechekesha wenzake kuliko wote ndiye anayeogopa kuliko wote.

Saa tatu, katikati ya gego la mvuvi mmoja, Daktari Gomis alisimama ghafla. Rangi ya uso wake ilikuwa kama majivu. Alisema "Samahani," akamkabidhi Tening koleo, akatoka kwa mlango wa sakristia akikimbia. Mvuvi alibaki mdomo wazi.

Jana yake jioni wenyeji walikuwa wameleta karai la chaza wa mikoko waliochomwa. Tening, aliyezaliwa kati ya chaza, alinusa karai lile, akala wali mtupu. Gomis alikula sahani mbili na kuomba limau zaidi.

Alirudi, akamaliza jino la mvuvi kwa mwendo wa mtu aliyebeba chungu kilichojaa, kisha akatoka tena. Kufika saa tano alikuwa amelala juu ya mkeka sakristia, anakunywa maji ya chumvi na sukari, pazia limeshushwa kati yake na kanisa. Nje walikuwa wamebaki watu ishirini na saba.

"Dada Tening," alisema nyuma ya pazia, sauti imeishiwa nguvu. "Endelea wewe. Una mkono kuliko mimi."

Tening alisogea hadi kwenye pazia akamweleza, kwa sauti ya chini.

"Utani?" Gomis aliuliza. "Dada, utani ni wa misibani. Wa kuibiana kofia."

"Una mpaka wake pia."

"Wewe ni Mkristo."

"Ndiyo."

"Na ni muuguzi."

"Ndiyo, daktari."

"Sasa mbona hukusema kwenye kikao?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba alitaka kuja, na hilo si jibu la kumpa mwanamume aliyeshika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Haya," Gomis alisema mwishowe. "Wanaoweza kungoja wangoje kesho, nitakuwa mzima. Mwenye hatari ni nani?"

Hilo Tening alilijua. Alitoka hadi uwanjani, akaenda moja kwa moja kwa Eulalia, akamfungua kitambaa bila kuomba ruhusa. Aligusa. Uvimbe ulikuwa mgumu na wa moto, na ulikuwa umevuka mfupa wa taya kuanza kushuka shingoni.

"Tangu lini?"

"Jumapili."

"Unameza?"

"Nameza matusi yako tu." Kisha, kwa sauti nyingine: "Maji. Kwa shida."

Mdomo wake ulifunguka vidole viwili, si zaidi. Lilikuwa gego la chini, limeoza mpaka kwenye mizizi. Tening alirudi kwenye pazia akaeleza alichokiona.

"Ni leo," Gomis alisema. "Ukiliacha, usiku uvimbe utafika kooni. Gari?"

"Kesho mchana."

"Basi nisaidie nisimame."

Alisimama mwenyewe, akafika kwenye pazia, akalishika. Tening aliona vidole vyake vikikikunja kitambaa. Kisha vidole vikaachia, na hatua zikasikika zikielekea nyuma ya kanisa kwa kasi.

Tening aliosha mikono, akavaa glavu, akachukua koleo. Eulalia alikuwa amekwisha kukalishwa kitini, kichwa kwenye gunia. Aliliangalia koleo, akamwangalia aliyelishika, akafunga mdomo.

"Weka chini."

"Bibi Eulalia, huu si wakati wa mchezo."

Tangu asubuhi hakuwa amemwita Bibi. Mtani wako akiacha kukutukana, ujue umeugua kweli.

"Nani anacheza? Daktari wenu atang'oa."

"Daktari hawezi kusimama."

"Nitangoja asimame."

"Ukingoja mpaka kesho tutakuzika."

"Utakuja ulale juu ya jeneza langu. Hiyo ndiyo kazi yako. Kumwaga damu yangu si kazi yako."

"Mimi ni Mkristo. Hayo ya mkono kunyauka siyaamini."

"Mimi nimebatizwa wewe hujaota meno. Ubatizo ulinifutia dhambi, haukunifutia ukoo." Eulalia alivuta pumzi puani, maana kila neno lilimuuma. "Sikiliza, mjakazi. Sijiogopei mimi. Damu ikimwagika, anayeumia ni aliyeimwaga. Una watoto?"

"Watatu."

"Unawalisha kwa mkono upi?"

Tening alijikuta akitazama mkono wake wa kulia, ulioshika koleo.

"Haya. Weka chuma chini."

Akakiweka. Katika miaka ishirini na miwili alikuwa ameona watu wakikataa kung'olewa jino kwa kuogopa maumivu, kwa kuogopa kufa, hata kwa kuogopa kuzeeka. Hajawahi kuona mtu aliyekataa kwa kumwogopea mng'oaji. Alitaka kumpiga mama yule, na alitaka kumkumbatia, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili ambacho kingeondoa usaha.

Mlangoni alikuwa amesimama Antero Sambu, aliyekuwa akiita namba tangu asubuhi. Alikuwa mkulima wa miaka thelathini na minane, na ndiye mhudumu wa afya wa kijiji: mwenye sanduku la dawa, na mchanja watoto.

"Antero. Sindano unachoma?"

"Watoto wote wa Ejunka nimewachoma mimi. Wakiniona njiani wanapanda miti."

"Umewahi kung'oa jino?"

"La mtu?"

"La nani tena?"

"Jino, hapana. Lakini nguruwe nimehasi zaidi ya mia."

Watu walicheka, hata Eulalia, kisha akashika shavu na kumlaani Antero kwa kumchekesha. Tening hakucheka.

"Nipe mikono yako."

Aliipokea, akaigeuza juu chini. Viganja vilikuwa vigumu kama soli, na vifundo vya mikono vinene, vya mtu anayelima kwa kayendo, lile jembe refu la Wajola lenye mpini wa kupita kimo cha mtu. Ilikuwa mikono yenye nguvu, na haikuwa na papara.

"Daktari!" aliita kuelekea pazia. "Ikiwa mkono ni wa Mjola na macho ni yangu?"

"Mkono wa nani?"

"Antero."

"Yule mkulima?"

"Na mhasi nguruwe."

"Mungu wangu." Tening alijua kwamba Gomis anapima shingo ya Eulalia upande mmoja na mkono wa Antero upande mwingine. "Pa kuingiza ganzi utamwonyesha vizuri?"

"Nitamwonyesha."

"Basi mfundishe kwanza kwenye kitu kingine. Si kwa mtu moja kwa moja."

Hicho kitu kingine kililetwa na mama mmoja aliyekimbia jikoni kwake: taya la nguruwe wa sikukuu ya Jumapili, lililochemshwa, meno yote yapo. Wakaliweka juu ya benchi. Antero alichukua koleo, akashika gego, akavuta kwa nguvu zake zote. Gego likakatika.

"Huyo nguruwe amekufa mara ya pili," mtu akasema.

"Unavuta," Tening alimwambia. "Jino halivutwi."

"Sasa kung'oa ni nini kama si kuvuta?"

Swali lilikuwa la haki. Tening alikuwa akifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kiasi kwamba hakuwa na maneno yake. Yule sista mzee alimfundisha kwa kumshika mkono, akimlinganishia na kufungua kizibo cha chupa ya divai ya misa. Lakini Antero hakuwa mtu wa divai, alikuwa mtu wa tembo la mchikichi, na tembo halina kizibo. Alimtazama mabegani.

"Ukilima kwa kayendo, unavuta udongo?"

"Hapana! Ukivuta utavunja mpini. Unasukuma chini mpaka ukae, unageuza, ndipo unanyanyua."

"Basi."

Antero aliliangalia koleo kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Alishika jino la pili, akasukuma chini kuelekea mfupani, akageuza huku, akageuza kule, akanyanyua. Likatoka zima. La tatu likatoka kwa urahisi zaidi.

Eulalia alikuwa akifuatilia yote kwa jicho moja.

"Na jino la nne ni la nguruwe huyu hapa?" aliuliza akijigusa kifua.

"Yule wa kwanza alikuwa mtulivu kuliko wewe," Tening akajibu, na chumba kizima kikapumua, maana matusi yalikuwa yamerudi.

Lakini jambo halikuwa limekwisha. Tening alisema kwamba lazima aweke mkono wake juu ya mkono wa Antero, amwongoze, vinginevyo Antero atavunja taya la mtu. Akina mama wa rozari walianza kujadili. Mmoja alisema mkono wa Mserer ukiwa juu, basi mwenye kung'oa ni Mserer. Mwingine akauliza, je, mtu akimshika mkono mtoto ili aandike, barua ni ya nani? Mabishano yalipanda mpaka Gomis akauliza nyuma ya pazia kama kuna mtu amezirai.

Eulalia ndiye aliyekata shauri, akiwa amelala kitini.

"Anayeshika pembe si anayekamua. Aweke mkono juu. Ila chuma asikiguse."

Antero alichoma ganzi, mahali Tening alipomwonyesha kwa ncha ya kijiti, na kwa sindano mkono wake haukuwa na wasiwasi hata kidogo. Wakangoja.

"Imeshika?" Gomis aliuliza.

"Mdomo wangu umekwenda wapi?" Eulalia aliuliza.

"Imeshika, daktari."

Tening alivaa tochi ya kichwani. Antero alisimama, akaingiza koleo, na Tening akaufunika mkono huo kwa mkono wake. Ilikuwa kama kusema kupitia mkalimani: alijua anachotaka kukisema, lakini kilimfikia Eulalia kimechelewa kidogo na kwa lafudhi ya mtu mwingine. Kupitia vidole vya Antero alisikia jino likikataa, kisha likifikiri. Lilianza kucheza. Halafu likalia, ule mlio mdogo wa mzizi kuachana na mfupa, ambao mara ya kwanza kila mtu hudhani ni taya linavunjika.

Antero aliganda. Jasho lilimtoka mpaka kidevuni.

"Dada, shika wewe. Nitamvunja. Shika wewe!"

Vidole vyake vililegea. Vidole vya Tening viliteleza vyenyewe, vikajua njia, vikafika nusu ya ukucha kutoka kwenye chuma. Zingemtosha sekunde kumi tu. Angemaliza, na watu wangebishana baadaye.

Jicho la Eulalia lilikuwa juu ya mkono ule. Hakuweza kusema, mdomo umejaa vyuma. Alinyanyua mkono wake mkavu, akauweka juu ya kifundo cha Tening, bila kubana, kama mtu anayemshika mtoto asiende karibu na kisima.

Tening alirudisha vidole juu ya vya Antero.

"Mwaka huu umelima matuta mangapi?" alimwuliza.

"Sijui. Mengi."

"Kuna tuta uliloacha kayendo limezama katikati, ukaenda zako nyumbani?"

"Hapana."

"Basi sukuma. Zaidi. Kaa hapo. Geuza kwangu. Geuza kwake. Usivute, mtwana wewe, usivute! Kwangu tena. Unasikia lilivyolegea? Sasa nyanyua."

Lilitoka na mizizi yote miwili, na nyuma yake ukafuata usaha wa siku nne, wenye harufu iliyowasukuma watu wa karibu hadi mlangoni. Eulalia alijiinamia juu ya beseni. Kabla damu haijaonekana alivuta kile kitambaa chake akajifunika nacho kichwa na beseni pamoja, ili Mserer asione, akatema humo chini kwa muda mrefu. Tening aligeukia ukuta.

"Tema tu. Antero, ni rangi gani?"

"Ni ya kila rangi, dada."

"Vizuri."

"Mizizi yote?" Gomis aliuliza.

"Yote miwili, daktari."

"Mwambieni huyo bwana," Gomis alisema, "kwamba mimi, la kwanza kabisa, nilivunja." Kisha hatua zake zikasikika zikielekea nyuma ya kanisa, lakini safari hii alikuwa akitembea.

Antero alitoka nje akakaa chini kwenye mchanga, na watu wakamletea kibuyu cha tembo ingawa hata adhuhuri ilikuwa bado. Alikataa. Alisema kuna wengine wawili wenye meno yanayocheza na anataka kuyafanya kabla mkono haujasahau. Akayafanya, mkono wa Tening juu ya mkono wake, na kwa la pili Tening alikuwa amebakiza vidole viwili tu. Waliosalia waliambiwa waje kesho. Gomis alitoa kichwa nje ya pazia, amesawijika lakini yu macho, akamtazama Antero akichemsha koleo kwa makini ya mtu anayeogesha mtoto mchanga.

"Keshokutwa tunakwenda kijiji kingine," alimwambia Tening. "Huko nako ni Wajola?"

"Ni Wajola."

"Basi mwombe aje na sisi. Nyinyi wawili mnanifanyia daktari mmoja mzuri."

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Kwanza Tening alimlaza Eulalia kwenye benchi la kivulini, ukutani mwa kanisa, Antero akamweka pamba safi penye shimo la jino.

"Uma," Tening alimwamuru. "Nguvu. Kaa hivyo nusu saa. Usiseme hata neno moja. Ukisema, damu itaanza upya."

Alikuwa amekwisha kugeuka aende zake, ndipo maneno yake mwenyewe yakamwingia. Alisimama. Akarudi ndani, akachukua kiti cha plastiki, akakileta akakiweka mbele ya benchi. Akakaa, akanyoosha gauni lake magotini.

"Nusu saa," alirudia.

Macho ya Eulalia yalipanuka.

"Tuanze na babu yako," Tening alisema, "yule aliyeona nguruwe anaoga matopeni akasema, lo, kumbe shamba la mpunga ndivyo linavyolimwa."

Akina mama wa rozari waliacha walichokuwa wakifanya, wakasogea. Eulalia alipiga benchi kwa kiganja. Alinyoosha kidole. Alitoa mngurumo.

"Usiseme! Daktari, aseme?"

"Hata kidogo," sauti ya Gomis ilitoka dirishani. "Ni hatari."

Tening aliendelea. Alimsimulia juu ya Wajola waliotumwa kuchota mwezi kwa ndoo. Alimsifu kwa urembo wa upande wake mmoja wa uso, akauliza upande wa pili aliukodi wapi. Alimweleza jinsi atakavyomwuza sokoni, na bei ambayo hakuna atakayeilipa. Wasikilizaji walikaa chini wakifuta machozi. Kamasi zilimtoka Eulalia kwa kicheko alichokizuia, na Tening alizifuta kwa kitambaa bila kukatiza sentensi. Katikati ya yote aliona kwamba ule uvimbe wa shingoni umelegea, ngozi imeanza kufanya mikunjo midogo, na akapandisha sauti zaidi.

Ndipo Eulalia alipoushika mkono wake wa kulia. Aliuvuta karibu na macho, akaugeuza kiganja juu, akakagua kidole kimoja kimoja, kwanza ukucha, kisha kifundo, kama mnunuzi asiyemwamini mwuzaji. Aliporidhika aliurudisha juu ya goti la Tening na kuupiga kofi dogo.

"Umeona?" Tening alimwambia. "Mzima. Utakufulia nguo ukikosa mtu mwingine. Nilikuwa nimefika wapi?"

"Kwa shangazi yake," mmoja wa akina mama akamkumbusha.

Alimaliza habari za shangazi. Alianza za mashemeji. Antero, aliyekuwa na saa ya mkononi, akatangaza kwamba zimebaki dakika mbili, na Tening akasema basi dakika mbili hizo atazitumia kwa ukoo wa Antero, ambao ni mfupi.

Kisha muda ukaisha. Eulalia alijiinua akakaa. Aliingiza vidole mdomoni, akatoa pamba, akaitazama mwenyewe, akaifunga haraka kwenye pindo la kitambaa mtani asiione. Aliupitisha ulimi mahali jino lilipokuwa. Akameza mate, mara moja, mara ya pili, bila shida. Akakohoa kusafisha sauti.

Tening akasogeza kiti karibu zaidi, asije akakosa neno.